Jiko la Uani: Moshi Ulivyotoka Nyumbani Rumonge



Nyumba ya kale ya Kirundi ilikuwa ya mviringo, ya majani, na moto uliwaka humo humo ndani. Tusiicheke: moshi ule ulifukuza wadudu na kukausha paa. Lakini waliouvuta mchana na usiku walikuwa kina mama na watoto.

Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Ujiji walipandisha ziwa kwa mashua hadi mwambao wetu. Walileta Uislamu, lugha hii tunayoandikia, na namna ya kujenga: nyumba ya pembe nne, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Jiko likakaa uani. Nadhani zetu ni kwamba walitafuta sitara ya familia zaidi kuliko afya, ila mapafu yalifaidika.

Leo viwanja vimebanana. Mvua ikinyesha, mbabula ya makaa huingizwa chumbani. Makaa hayana moshi mwingi, ndiyo maana yanadanganya: hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala. Basi makaa yakibaki usiku, tuyazime huko huko uani, hata kama kunanyesha.