Mwindaji, Jangili, Askari: Watu Wasiotajwa Waliolinda Wanyama wa Kilombero

Wadau, wengi wetu Ifakara tunaijua kwa mchele. Ukitaja Ifakara mtu anauliza bei ya gunia, basi. Ila mji ule umekaa katikati ya pori zito. Upande mmoja kuna milima ya Udzungwa. Upande wa pili kuna pori kubwa la Selous, ambalo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katikati umepita mto Kilombero na bonde lake la maji, nyumbani kwa sheshe, swala mwekundu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwingi hapa kuliko sehemu nyingine yoyote duniani.

Sasa swali la leo: hao wanaowalinda hawa wanyama wametoka wapi? Walisomea? Walikuwa wanafanya nini kabla? Nimekuwa nikilifuatilia hili na majibu yake yananishangaza mpaka leo. Wengi hawakuanzia darasani, walianzia porini, tena wengine kwenye kazi ambayo serikali iliita uhalifu.

Babu alilala mwindaji, akaamka jangili

Tuanze na wenyeji. Wandamba wa bonde hili walikuwa wavuvi, wakulima wa mpunga na wawindaji. Na kwenye tembo hawakuwa watu wa kubahatisha. Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, A.G.O. Hodgson, alichapisha makala kwenye jarida la kisomi huko London kuhusu mila za uwindaji za Wandamba. Yaani kuwinda kulikuwa na utaratibu wake, dawa zake, miiko yake na mafundi wake. Kijana alikuwa anajifunza kwa wakubwa, kama leo mtu anavyojifunza ufundi gereji.

Lakini sheria ilishaanza kubadilika zamani. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji na kutenga mapori ya kwanza ya akiba, mojawapo likiwa ukanda wa Rufiji. Waingereza walipoichukua nchi nao wakaja na idara yao ya wanyamapori, na mwaka 1921 wakatunga sheria yao. Kuwinda kukahitaji leseni, na leseni inataka pesa. Mzungu mwenye pesa akawinda kihalali. Babu mwenye ujuzi wote ila hana leseni akawa jangili. Ujuzi ni uleule na tembo ni yuleyule, kilichobadilika ni karatasi.

Jangili aliyepewa cheo

Hapa ndipo stori inakuwa tamu, maana kuna jangili mmoja ambaye hakufungwa, aliajiriwa.

Anaitwa C.J.P. Ionides. Alizaliwa Uingereza mwaka 1901, akasoma shule za watu wenye uwezo, akapita jeshini India, kisha akaletwa Tanganyika na jeshi la KAR. Jamaa akaingia kwenye biashara ya pembe za ndovu, ikiwemo kuwinda kimagendo upande wa Kongo. Halafu mwaka 1933 akaingia Idara ya Wanyamapori kama bwana nyama, akakaa Liwale, na huyohuyo ndiye anayehesabiwa kuwa alilijenga pori la Selous likawa lilivyokuja kuwa. Baadaye akageukia kukamata nyoka mpaka wenyeji wakamwita Bwana Nyoka. Alifariki 1968, na hadi leo vitabu vinamtaja.

Na hilo jina Selous lenyewe? Frederick Selous alikuwa mwindaji maarufu. Alipigwa risasi na askari wa upande wa Wajerumani kule Beho Beho, Januari 1917, na mwaka 1922 pori likapewa jina lake.

Simpondi mtu hapa. Ionides alikuwa hodari kweli, na mtu aliyekuwa jangili anazijua njia za majangili kuliko yeyote. Hoja yangu ni kwamba mantiki hiyohiyo ilitumika kwa wenyeji pia, ila bila heshima. Idara iliwaajiri Waafrika kama maskauti kwa sababu walijua kusoma nyayo, kujua maji yapo wapi kiangazi na kusikia tembo kabla hajaonekana. Wengi walijifunza hayo kwa baba zao wawindaji. Hao ndio waliotangulia mbele kwenye nyasi ndefu, na ndio waliotumwa vijijini kupiga tembo walioingia kwenye mpunga na mahindi. Hadi uhuru unafika 1961, vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu na wao waliishia uskauti. Majina yao utayatafuta sana.

Ngolaga, nyani ambaye "aligunduliwa" 1979

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa kwenye misitu ya Udzungwa wakitafuta mbega wekundu. Wakasikia mlio wa ajabu ambao hawakuutambua. Mwenyeji waliyekuwa naye hakushtuka hata kidogo. Kwake ni mnyama wa kawaida tu, anaitwa ngolaga. Baadaye wakamwona mmoja, mtoto, anafugwa kijijini Sanje.

Dunia ya sayansi ikalipuka: nyani mpya Afrika! Akapewa jina la Kiingereza linalotokana na kijiji cha Sanje, na hapatikani popote duniani nje ya milima ile. Misitu hiyo ikazidi kupata uzito, na mwaka 1992 Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ikaanzishwa, makao makuu Mang'ula.

Sasa niambie, nani aligundua? Watafiti walifanya kazi yao, waliandika, na bila kuandika dunia isingejua. Ila mtu wa kwanza kulitaja jina la yule mnyama siku ile alikuwa mwenyeji ambaye hakuwa na shahada wala kamera. Wangapi wetu tumewahi kumsikia?

Damu ya pembe

Miaka ya 70 na 80 mambo yakachafuka. Sensa ya angani ya 1976 ilionyesha tembo zaidi ya 100,000 kwenye ukanda wa Selous. Mwisho wa miaka ya 80 walibaki kama 30,000. Serikali ikaanzisha Operesheni Uhai mwaka 1989, jeshi likaingia porini.

Kipindi hicho ndipo wazo la askari wa wanyamapori wa vijiji, VGS, lilipoanza kushika kasi kuzunguka Selous. Kijiji kinachagua vijana wake, wanapewa mafunzo, wanalinda ardhi yao. Waliochaguliwa walikuwa wakulima, wavuvi, na ndiyo, wengine waliowahi kuishi kwa nyama ya porini. Tembo wakaanza kurudi. Halafu wimbi la pili likaja, na sensa ya 2013 ikakuta kama 13,000 tu.

Ulinzi huo una gharama ambayo haionekani kwenye picha za watalii. Mwaka 2011 wanavijiji wa jirani na Udzungwa walisitishiwa ruhusa ya kuingia hifadhini kuokota kuni. Mwaka 2012 operesheni ikawatoa wafugaji na mifugo yao bondeni Kilombero. Mtekelezaji wa amri kama hizo mara nyingi ni kijana wa hapohapo. Usiku anamkamata mtu, keshokutwa wanakutana msibani. Bwana mkubwa wa ofisini hana mtihani huo.

Mlango wa leo

Siku hizi kazi ina njia rasmi. Mweka pale Moshi, iliyofunguliwa 1963, inatoa maofisa wa nchi nyingi za Afrika. Pasiansi Mwanza inafundisha askari wanyamapori. Likuyu Sekamaganga kule Namtumbo inafundisha VGS. Uhifadhi sasa ni jeshi usu, na ajira za TANAPA na TAWA zinataka cheti cha shule na cheti cha chuo.

Bondeni kwenyewe kuna jumuiya ya hifadhi inaitwa ILUMA, yaani Ifakara, Lupiro na Mang'ula. VGS wake ni wanavijiji, na jumuiya za namna hii posho zake zinategemea mapato ya utalii na uwindaji, kwa hiyo mwaka mbaya mfuko unakauka. Vilevile kuna wakulima karibu na Udzungwa wanaotundika mizinga ya nyuki kwenye uzio kuzunguka mashamba, maana tembo anaogopa nyuki. Hao nao ni wahifadhi, ingawa hawana sare.

Mafunzo ni mazuri, siyapingi. Silaha na sheria si vitu vya kujaribia. Ila kuna kijana Mang'ula leo ambaye babu yake alikuwa akisoma nyayo kama sisi tunavyosoma meseji, naye kidato cha nne kimemkataa. Mlango rasmi haumuoni. Mtu mwenye pembe za kununua anamuona haraka sana, maana huyo haulizi cheti. Kijana huyo akishindwa kuwa mlinzi, historia ya bonde hili inatuambia anaweza kuwa nini.

Wewe mwenye babu au mjomba aliyewahi kuwa skauti, bwana nyama, mbeba mizigo wa watafiti au VGS, iwe Ifakara, Mlimba, Mahenge au popote, muulize akiwa bado yupo. Muulize alikuwa nani kabla ya kuvaa sare, na nani alimfundisha pori. Kisha shuka hapo chini utuambie. Bwana Nyoka anaandikwa mpaka leo. Hawa wetu tusipowaandika sisi, nani atawaandika?