Wigi na Mpaka wa Kobero

Walimu wenzetu wafundishao Kiswahili huko Kobero, katika eneo la Muyinga, wanalo somo zuri la historia karibu kabisa na mlango wa darasa, nalo ni somo la wigi. Yafaa waanze na ubao. Upande mmoja liandikwe neno wigi, ambalo Kiswahili kililipata kwa Waingereza. Upande wa pili liandikwe perruque, Kifaransa kilicholetwa Burundi na Wabelgiji. Wanafunzi wengi watasema kwamba maneno hayo hayana udugu. Kumbe Waingereza waliichukua perruque hiyohiyo, wakaitamka kwa ulimi wao hata ikawa periwig, kisha wakaikata kichwa, ukabaki mkia tu.

Kitu chenyewe kina umri mkubwa kuliko jina. Wigi la Merit, mwanamke wa Misri ya kale, lilifukuliwa mwaka 1906 katika kaburi lake, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Turin, Italia. Lakini wigi lililotufikia sisi ni la Ulaya. Mfalme Louis XIII wa Ufaransa alipopungukiwa nywele alivaa za bandia, na wakubwa wa baraza wakamwiga. Charles II aliporejea Uingereza kutoka uhamishoni mwaka 1660, mtindo huo ulishika London, na majaji nao wakaupokea. Raia waliuacha baadaye, hasa baada ya kodi ya poda ya nywele ya mwaka 1795. Majaji hawakuuacha, mwaka 1822 Humphrey Ravenscroft alipata hataza ya wigi la singa za farasi, na hilo ndilo lililosafiri hadi makoloni. Huko Ufaransa, Mapinduzi ya 1789 yalikwisha kuyavua mawigi vichwani mwa wakubwa. Jaji wa Ufaransa na wa Ubelgiji akabaki na joho lake.

Hapo ndipo Kobero inapoingia. Mapatano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 yaliligawa koloni la Wajerumani: Ruanda na Urundi wakapewa Wabelgiji, Tanganyika wakapewa Waingereza. Bugufi, ng'ambo ya pili ya Kobero, iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, ikatiwa Tanganyika, na hata leo imo katika wilaya ya Ngara. Basi watu wasikilizanao kwa Kirundi na Kihangaza wakawekwa chini ya sheria mbili, huku jaji mwenye kichwa kitupu, kule jaji mwenye singa za farasi. Mwanakijiji wa Bugufi aghalabu hakumwona jaji huyo kwa macho, kwa kuwa kesi zake ndogondogo ziliishia kwa wenyeji. Lakini kesi ya kuua ilipelekwa kwake.

Nchi zilipopata uhuru, swali liliwageukia wanawake. Tarehe 1 Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, ukapiga marufuku nguo fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi, kwa hoja kwamba ni utamaduni wa kigeni. Wakati huohuo majaji wa Nairobi walizidi kuvaa singa zao, na Kenya haikuyaacha hadi mwaka 2011, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo: msichana aliyelinunua wigi kwa mshahara wake aliambiwa anaiga wazungu, wala jaji hakuambiwa hivyo.

Kwa kazi ya darasani, wanafunzi wasuke wigi kwa nyuzi za mgomba, ambazo Kobero hazikosekani. Mwanafunzi mmoja asome hukumu fupi waliyoitunga wenyewe, kwanza akiwa kichwa kitupu, kisha akiwa amelivaa, na wenziwe waandike ni lini walimwamini zaidi. (Watacheka sana, waachwe wacheke.) Walio Gitega wazuru Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, wachunguze vichwa vya watu katika picha za zamani. Watajwe pia amasunzu ya Rwanda, matuta ya nywele yaliyomtambulisha msichana aliyefikia umri wa kuolewa.

Mwisho ufanywe mjadala juu ya marufuku ya 1969, upande mmoja vijana wa TANU, upande mwingine karani wa kike wa Dar es Salaam. Kwa kuwa shule nyingi zetu huwataka wasichana wanyoe nywele, mwalimu asishangae mjadala ukihamia huko.