Nguo Chache, Hewa Nyingi: Habari za Mavazi katika Nchi ya Buha

Nchi ya Buha, ambayo miji yake mikubwa ya milimani ni Kasulu na Kibondo, imeinuka upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Uso wa ziwa hilo u karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Lakini msafiri akitoka Kigoma na kushika njia ya Kasulu hupanda hata akapita mita 1,200, na akielekea Heru Juu au Manyovu huzidi kupanda. Kimo hicho ndicho kinachoitenga hewa ya Buha na hewa ya ziwani. Kule ufukoni mtu aweza kulala bila kujifunika. Huku juu, usiku wa mwezi wa Juni au Julai, asiye na kitu kizito cha kujitandia hungoja mapambazuko kando ya moto.

Mwaka wa Buha una sehemu kuu mbili. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba au Novemba, hunyesha hata Aprili au Mei, pengine ikipumzika kidogo Januari au Februari. Kisha hufuata kiangazi. Nchi za Ulaya huhesabu majira manne, na yale ya majani kupukutika ndiyo yanayowasumbua watu sana katika jambo la kuvaa, maana siku moja huweza kuwa na baridi, jua na mvua. Ndiyo sababu huko watu hushauriwa wawe na nguo chache zinazopatana, zinazoweza kuvaliwa moja juu ya nyingine na kuvuliwa kadiri hewa inavyogeuka. Buha haina majira hayo, walakini ina siku zinazofanana nayo. Mkulima atokaye kwenda shambani mwezi wa Oktoba huondoka katika ukungu, hupigwa na jua kali adhuhuri, na alasiri hurudi ameloa. Shauri ambalo watu wa miji mikubwa hulipokea kama jambo jipya, basi, lina historia ndefu katika nchi hii. Tofauti ni kwamba mtu wa mjini huchagua nguo chache katikati ya nyingi, na mtu wa Buha alilazimika kuzipanga chache alizokuwa nazo.

Mavazi ya kale ya nchi hii yalikuwa ya namna mbili: ngozi za wanyama na nguo ya gome la mti. Gome lilibanduliwa katika miti ya jamii ya mkuyu, likapondwa kwa nyundo ya mti yenye mikwaruzo hata likatanuka na kulainika. Kazi hiyo haikuwa ya Buha peke yake, kwa maana ilijulikana Burundi, Rwanda, Karagwe na hasa Uganda, ambako mafundi wa Buganda waliifikisha kwenye daraja ya juu kabisa. Na mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi wao kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote. Gome huhifadhi joto la mwili, na kwa hiyo lilifaa kwa usiku na kwa asubuhi za baridi. Aibu yake ni maji: likiloa sana hulegea na kuchanika. Ngozi iliyopakwa mafuta, kinyume chake, haisumbuliwi upesi na manyunyu, ila ni nzito na hukakamaa isipotunzwa. Hivyo vitu hivyo viwili vilikamilishana, kimoja kikichukua kazi iliyomshinda mwenziwe, na jani la mgomba likawa mwavuli wa yeyote aliyekutwa na mvua njiani.

Lugha yenyewe imetunza kumbukumbu ya zamani hizo. Katika Kirundi, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kiha, neno impuzu ni nguo ya aina yoyote. Lakini katika Kinyarwanda neno hilohilo ni jina la nguo ya gome. Pamba ya ng'ambo ilipofika, watu waliivika jina la kitu walichokuwa nacho. Jina likabaki, gome likatoweka.

Pamba hiyo ilifika kwa njia ya misafara. Tangu miaka ya 1830 merikebu za Marekani zilikuwa zikileta Unguja kitambaa kizito kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, nacho kikaitwa merikani mpaka bara. Pamoja nacho ilikuja kaniki ya Bara Hindi, yenye rangi ya buluu iliyokoza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata mkondo wa merikani, vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vilijaza nafasi yake. Vilipimwa kwa shuka, yaani mikono minne, na kwa doti, yaani shuka mbili. Wapagazi walivibeba vichwani na mabegani, vimefungwa kwa kubanwa sana, na kila furushi la namna hiyo liliitwa mtumba.

Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, walikuta nguo za pamba zikivaliwa huko bega kwa bega na ngozi na magome. Juu milimani pamba ilikuwa adimu zaidi, na kwa muda mrefu ilikuwa mali kabla ya kuwa vazi. Ilitumika kulipa mahari, kununua mifugo na kutoza hongo. Mwezi wa Novemba 1871 Henry Morton Stanley, akimtafuta David Livingstone, alipita upande wa kusini wa Buha. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 alieleza kwa uchungu jinsi wakuu wa nchi walivyomdai nguo, mmoja wao akiitwa Mionvu, na jinsi alivyotambua kwamba akilipa kila mahali hatasaliwa na kitu cha kumfikisha Ujiji. Akamkodi kiongozi, akaivuka nchi iliyobaki usiku, kimya kimya. Kwa Stanley jambo hilo lilikuwa unyang'anyi. Lakini mwenye nchi aliyeona mitumba ikipita mbele ya macho yake, naye akijua kwamba usiku wa leo watu wake watajifunika magome, hakuwa na sababu ya kuiona hongo kuwa dhuluma. Ilikuwa ni fungu la nchi katika biashara iliyotumia njia zake, maji yake na chakula chake.

Katika habari za wasafiri wa wakati ule liko kosa moja lililoishi muda mrefu, nalo ni kumhesabu mtu mwenye nguo chache kuwa yu uchi, na kumhesabu aliye uchi kuwa hana ustaarabu. Kosa hilo latokana na kuhesabu nguo badala ya kuhesabu kazi za nguo. Doti moja ya kaniki mchana ilifungwa kiunoni au begani. Mvua iliponyesha ilitandwa kichwani. Usiku iligeuka shuka la kulalia. Mama aliifanya mbeleko, na mchuuzi aliifungia nafaka. Kitambaa hicho kiliweza kazi hizo zote kwa sababu moja tu: hakikukatwa. Nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwili, kwa mfano suruali, huweza kazi moja vizuri na zilizobaki haiwezi kabisa.

Kugawanyika kwa nguo zilizokatwa na zisizokatwa ndiyo habari kubwa ya karne ya 20 katika Buha. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka nchi, yakakaa mpaka 1921, kisha ikawa chini ya Waingereza pamoja na Tanganyika yote. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha haikuwepo milimani. Kwa hiyo vijana wa Kasulu na Kibondo walishuka kwa maelfu, wakapanda gari la moshi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi mwaka 1944. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Muha akawa mashuhuri Tanganyika nzima kwa kazi hiyo ngumu, na si mara chache jina la kabila lake lilitamkwa kwa dharau.

Aliporudi nyumbani, manamba alikuja na kaptula, shati, koti na blanketi. Vitu hivyo vilikuwa ushahidi wa safari yake, na koti hasa lilikuwa heshima ya mtu mbele ya wazee na wakwe. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba blanketi ndilo lililochukua mahali pa gome. Koti lilifaa asubuhi na katika mkutano, wala halikutosha usiku. Mwanamume, basi, alizidisha idadi ya nguo zake, na kila moja ikapunguziwa kazi. Mwanamke aliyebaki nyumbani kulima hakufuata njia hiyo. Alipokea kanga kutoka pwani, ambako ilianza kuvaliwa mwishoni mwa karne ya 19, kisha kitenge, kilicho kizito zaidi na kinachofaa baridi ya milimani. Vyote viwili havikatwi visipotakiwa kushonwa. Kanga mbili za jozi huitwa doti hata leo. Kipimo cha misafara kimehifadhiwa sandukuni mwa wanawake.

Baada ya uhuru serikali ilitaka nchi ijivike kwa pamba yake yenyewe. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968. Katika miaka ya 1970 watu wa Buha walihamishwa kutoka nyumba zao zilizotawanyika vilimani, wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa kando ya barabara. Kisha ikaja shida ya baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Maduka yakawa matupu, na kitambaa, sabuni na blanketi vikawa vitu vya kupangiwa foleni. Madhali mipaka ya Burundi na Zaire ilikuwa karibu, kitenge kilipita kwa njia za magendo. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikamiminika. Zilikuja zimebanwa katika marobota, na watu wakaziita mitumba, neno lilelile la mapagazi wa karne iliyotangulia.

Mitumba iliwapa watu wa milimani kitu ambacho kiwanda cha Dar es Salaam, mji wa joto, hakikukikusudia: sweta, koti la sufu, jaketi lisilopitisha maji. Nguo iliyotengenezwa kwa ajili ya majira ya majani kupukutika ya nchi za mbali ilikuta kazi yake katika ukungu wa Kasulu. Lakini faida hiyo ilikuwa na gharama, kwa kuwa viwanda vya nchi havikuweza kushindana na bei ya nguo zilizokwisha kutumika. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuikomesha biashara hiyo kidogo kidogo. Marekani ikapinga, na mwaka 2018 Rwanda, iliyoshikilia kodi yake, iliondolewa nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Ila katika shauri hili si rahisi kuamua lipi ni mbacha na lipi ni msala.

Ushahidi wa mwisho juu ya thamani ya nguo isiyokatwa ulikuja na wakimbizi. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na Warundi wengi wakavuka mpaka kuingia Kibondo, Kasulu na Ngara wakati mvua zinapoanza. Mwaka 1996 wakimbizi wa Kongo walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena kuanzia Aprili, mvua zikielekea kwisha na baridi ikikaribia. Kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Mtu anayekimbia usiku hana nafasi ya kuchagua. Huchukua kinachoweza kazi nyingi, na kwa mama wa nchi hizi kitu hicho ni kitenge: humbeba mtoto, hufunga vyungu, humkinga na mvua, humfunika usiku, na siku ya kuzika humsitiri mbele ya watu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa historia akiyapanga mavazi ya Buha kwa zamani zake, ataona kwamba gome, kaniki, blanketi, kitenge na sweta la mitumba vimepokezana kazi zilezile chache: kuhimili usiku wa kiangazi, kuvumilia mvua ya alasiri, kubeba, na kumpa mtu heshima mbele ya wenzake. Atakuta pia kwamba kila mara nguo mpya ilipotoka mbali, bei yake ililipwa kwa kitu cha nchi: kwa chakula cha misafara, kwa nguvu za vijana mkongeni, au kwa kazi za viwanda. Wasafiri wa kale walihesabu nguo wakasema ni chache. Hesabu ya haki ilikuwa kuuliza kila moja imefanya kazi ngapi, na nani aliyeilipia.