Constance Baker Motley (1921–2005): Wakili na Jaji

Katika jengo hili la mahakama, Foley Square, New York, ndimo Jaji Motley alimosikiliza kesi.

Alizaliwa New Haven, Connecticut, mtoto wa 9 kati ya 12 wa wazazi waliotoka kisiwa cha Nevis. Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1946, akafanya kazi chini ya wakili Thurgood Marshall, ambaye jengo hili lina jina lake. Alisaidia kuandaa hati za kesi ya Brown, iliyoharamisha ubaguzi wa rangi shuleni mwaka 1954. Mwaka 1962 alimshindia mwanafunzi Mweusi James Meredith haki ya kusoma Chuo Kikuu cha Mississippi. Mbele ya Mahakama ya Juu alitetea kesi 10, akashinda 9.

Mwaka 1966 Rais Lyndon Johnson alimteua kuwa jaji wa shirikisho, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo Marekani. Mwaka 1978 aliamuru waandishi wa habari wanawake waruhusiwe kuingia vyumba vya wachezaji katika uwanja wa besiboli wa Yankee Stadium, sawa na wenzao wanaume. Mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa mahakama hii.

Wanawake wanaopanda ngazi hizi leo wamebeba majalada ya kesi wanapita njia aliyoifyeka yeye.