Land Rover Katika Tope la Usangu



Kamati iliponiomba niandike ukurasa wa historia katika kijarida cha mwaka huu, nadhani ilitarajia habari za ukoo wa Merere, au za Wabaluchi waliolima mpunga wa kumwagilia Rujewa tangu zama za Mwingereza. Hayo wazee wetu wanayajua kuliko mimi. Mimi ni mhasibu, na huu ni mwaka wa pili jioni zangu na Jumamosi zangu zinaishia chini ya Land Rover kuukuu iliyoko uani kwangu hapa Mbeya. Basi naandika habari ya kitu ninachokishika kwa mikono, kwa sababu kinagusa moja kwa moja jambo tunalolichangia mwaka huu, yaani gari la wagonjwa.

Gari hili lilizaliwa kutokana na shida. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na kazi zake akizifanya kwa Jeep lililobaki vitani. Jeep likazidi kuchakaa, na Uingereza haikuwa na gari la namna hiyo la kulibadilisha. Rover wakaamua kutengeneza la kwao. Chuma kilikuwa kwa mgao, hivyo bodi wakaifanya kwa alumini. Tarehe 30 Aprili 1948 likaonyeshwa Amsterdam. Walilidhania kuwa gari la kusukumia miaka michache tu mpaka mambo yatengemae. Lilitengenezwa, kwa kubadilishwa hapa na pale, hadi tarehe 29 Januari 2016, na jumla yake ilipita milioni 2.

Kwa nini lilituingia sana sisi? Anayeuliza hajawahi kuvuka Usangu mwezi wa Machi. Bonde letu ni tambarare, na mito inayoshuka kutoka safu za Kipengere, yaani Mbarali, Kimani, Chimala na mingine, yote inalimwagia maji na kuelekea Ihefu na Ruaha Mkuu. Udongo wa mbugani ni mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni. Gari la kawaida linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake likifika hapo linachimba kaburi lake. Katika Land Rover ya zamani, pembeni ya fimbo ya gia kuna nyingine mbili. Ya njano unaikandamiza chini, na magurudumu ya mbele nayo yanaanza kuvuta. Nyekundu unaivuta nyuma, gari linaingia gia nzito na kutembea polepole kama ng'ombe wa plau, lakini linatembea. Dereva mzoefu aliziweka kabla ya kuingia kwenye tope, maana ukishazama umechelewa.

La kwangu nililinunua kama chuma chakavu kwa mtu aliyelipata mnadani miaka mingi iliyopita. Kadi yake ilishapotea, kwa hiyo umri wake ilibidi niutafute kwenye mwili wake, kama wanunuzi wa ng'ombe wanavyotazama meno. Ni lile refu, la inchi 109 kati ya ekseli na ekseli. Taa zake kubwa ziko kwenye mabawa na siyo katikati ya grili, na badiliko hilo lilifanyika mwishoni mwa miaka ya 1960. Grili yake bado ni ya waya, wakati toleo lililofuata, la mwaka 1971, lilikuja na ya plastiki. Maana yake gari hili lilitoka kiwandani kati ya hapo. Msasa ulipopita mlangoni zilitokea rangi tatu, moja chini ya nyingine, na nyuma ya siti kulikuwa na kibati chenye herufi SU. Vijana wa leo pengine hawajui: ST lilikuwa gari la serikali, SU la shirika la umma.

Kwa hiyo lilifika nchini katika miaka ambayo pande zetu zilikuwa zikibadilika haraka. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakatiwa njia ya mafuta ya kusini. Malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma kwenye barabara ya udongo, nayo madereva wakaibatiza kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976. Miaka hiyohiyo Wachina walisaidia kujenga shamba la mpunga la Mbarali chini ya NAFCO.

Lakini lami na reli vilipita pembeni. Ukiiacha barabara kuu na kuelekea ndani, ulibaki na tope lile lile, na chombo kilichofika huko kilikuwa Land Rover. Ilimleta bwana shamba na mbegu, ilileta chanjo, na ilileta watu wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Ilimtoa mama aliyeshindwa kujifungua. Tusiipambe kupita kiasi, maana Land Rover hizo hizo zilileta wadai kodi, na wakati wa Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, zilileta amri ya kuhama. Wapo watu wazima leo ambao wakiwa watoto walikimbilia vichakani wakisikia mlio wake, na wapo waliokimbia kuifuata ili waning'inie nyuma. Ilitegemea nyumbani mlikuwa mnadaiwa nini.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kitaaluma. Land Rover hizi hazikuuawa na tope. Fungu la maendeleo lilinunua magari, mara nyingi kwa misaada ya nje, na kununua gari kulikuwa na sherehe. Kulitunza kulikuwa kwenye fungu la matumizi ya kawaida, ambalo halina sherehe wala mfadhili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikaja mwaka 1978, mafuta yakapanda bei, na fedha za kigeni zikaisha. Gari likakosa sili ya breki, kitu kidogo cha mpira unachoweza kukiweka mfuko wa shati, likasimama. Likisimama linanyofolewa kabureta ili jirani yake litembee. Mwezi unaofuata jirani naye anasimama. Ndiyo asili ya yale mafuvu tuliyoyaona utotoni nyuma ya kila ofisi, yamekaa juu ya mawe, kuku wanatagia ndani. Na vitabuni, kwa sababu uchakavu hukatwa kila mwaka, thamani yake ilishafika sifuri, kwa hiyo hakuna aliyeona kuna mali iliyopotea.

Nililolikuta kwenye gari langu linathibitisha hivyo. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilikuwa imekwama, lakini bloku haikupasuka, na kwa kuwa injini ya familia hiyo ilitengenezwa tangu 1958 hadi miaka ya 1980, spea nyingi zinaingiliana na bado zinapatikana. Bodi ya alumini haishiki kutu ya kawaida. Penye taabu ni pale alumini inapokutana na chuma, maji yakaingia kati: alumini inaliwa na kugeuka unga mweupe. Chasisi ni boksi la chuma lenye uwazi ndani, na humo tulikuta tope la miaka, limekauka na kushikilia unyevu kama sifongo. Fundi ninayefanya naye kazi, kijana mwenye sikio zuri kuliko vifaa vingi, alipitisha nyundo kwenye chasisi yote kama daktari anavyogonga kifua. Palipolia kizito tulikata na kuchomelea chuma kipya. Sehemu kubwa ya uozo huo ingezuiwa na mtu mmoja mwenye mpira wa maji, kila gari linaporudi safari.

Kwa msingi huo ninaiomba harambee ya mwaka huu ifungue akaunti mbili. Ya kwanza ya kununua gari la wagonjwa. Ya pili ya kulitembeza: matairi, sili, oili, bima, mshahara wa dereva na posho ya anayeliosha. Ikiwa fedha hazitoshi zote mbili, heri tununue gari lililotumika na akaunti ya pili iwe na kitu, kuliko jipya lenye riboni na akaunti tupu. Najua riboni hupigwa picha, sili ya breki haipigwi.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, ikiilenga rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Mengi kati ya yaliyofika yalikuwa ya kazi na si ya maonyesho. La kwangu halikuwepo, bado lilikuwa halina breki. Sasa linazo. Limebaki difu la nyuma, nyaya za taa na rangi, na rangi nitakayopaka bado sijaiamua, kwa sababu ninamtafuta anayejua ya kwanza ilikuwa ipi na ilikuwa ya shirika gani. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyeendesha gari la SU katika Usangu miaka ya 1970, tafadhali mleteni siku ya harambee. Gari litakuwepo uwanjani, hata kwa kuvutwa, na siti ya dereva tumeshaishona.