Magadi na Soda Zake

Jikoni, magadi ni kibonge cha kijivu kinachotiwa kwenye sufuria ya makande ili mahindi na maharage yalainike upesi. Yakizidi, chakula hugeuka ladha na kunukia sabuni. Watengeneza ugoro nao huyachanganya na tumbaku.

Wakemia huyaita sodiamu seskwikaboneti. Mtu akilisikia hukimbia, lakini jina hilo linasema kweli: “seskwi” ni Kilatini cha moja na nusu, na humo ndani kila kaboneti mbili zina sodiamu tatu.

Jina la dukani ndilo lenye utata. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa 1911 kuchimba magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, na kuyachoma yawe sodiamu kaboneti, malighafi ya vioo. Leo mteja akiomba “magadi soda”, muuzaji mmoja humpa hiyo, mwingine humpa bikaboneti ya kuumulia keki. Afadhali makosa hayo kuliko kuichanganya na kostiki soda ya watengeneza sabuni: ile ni sodiamu haidroksaidi, nayo huunguza ngozi. (Soda ya chupa tuiache kwenye jokofu.)

Kusini ya Ziwa Magadi, ng’ambo ya mpaka, liko Ziwa Natron la Tanzania. Natron ni jina la kale la chumvi za jamii hiyohiyo, ambazo Wamisri walikaushia maiti za wafalme wao. Kutoka humo wanasayansi waliunda neno natrium, na ndiyo sababu alama ya sodiamu ni Na, wala si So.