Negatifu Si Kusema Mzima

Hapa Nakivale kila mtu anajua maana ya negatifu. Umepimwa malaria, karatasi inasema negatifu: rudi nyumbani, mshukuru Mungu. Pozitifu: kaa kwenye benchi, ungoje dawa. Kambi hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na Wanyarwanda, na sisi Wakongo na wengine tuliokuja nyuma yao tumezoea hesabu hiyo. Mimi natafsiri kwa kujitolea. Neno hilo nimelitamka mara nyingi bila kufikiri, na mara moja liliumiza mtoto.

Nilimsindikiza mama mmoja mpaka Mbarara na mtoto wake wa miaka tisa, mgonjwa wa kifafa, akapimwe kwa EEG, mashine inayoandika mawimbi ya ubongo. Mtoto alibandikwa nyaya kichwani, mistari ikaanza kutembea kwenye kompyuta. Mpimaji akaonyesha pale mstari ulipochomoka juu kama mwiba, akasema wimbi lile ni negatifu.

"Anasema nini, mwanangu?" mama akaniuliza.

"Anasema negatifu, mama."

Akapiga magoti palepale. Karatasi ilikuwa ya kupeleka kwa daktari mwezi uliofuata, lakini mama hakungoja: kama mtoto ni mzima, dawa za nini? Wiki ya tatu bila dawa, mtoto alianguka karibu na jiko, mkono ukaungua.

Kosa lilikuwa langu. Ndiyo maana nimeitafuta historia ya neno hilo.

Inaanzia Ulaya. Katika miaka ya 1840, Emil du Bois-Reymond wa Berlin aliona kwamba mshipa wa fahamu ukifanya kazi, umeme wake unageukia upande hasi. Mwaka 1875, Richard Caton wa Liverpool aliona jambo kama hilo kwenye ubongo wa sungura na nyani: sehemu inayofanya kazi, umeme wake kwa kawaida hugeuka hasi. Kwa hiyo hasi ilikuwa alama ya ubongo kuwa kazini. Mazoea yakawa kuchora hasi ikipanda juu na chanya ikishuka chini, kinyume na tulivyofundishwa shuleni. Mpaka leo EEG inachorwa hivyo.

Mwaka 1924, Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, alifaulu kuandika umeme wa ubongo wa binadamu. Alingoja hadi 1929 ndipo akatangaza, na wenzake wengi hawakumwamini mpaka Adrian na Matthews wa Cambridge walipothibitisha mwaka 1934. Mwaka uliofuata, kule Boston, Gibbs, Davis na Lennox walionyesha kwamba aina moja ya kifafa, ile ya mtoto kuduwaa kidogo kisha kurudi, ina sura yake: mwiba na wimbi, mara 3 kwa sekunde. Miiba ya kifafa mara nyingi ni hasi, yaani kwenye mchoro inapanda juu.

Umeme wenyewe ni mdogo sana. Wimbi la mikrovolti 50 ni volti 1 uliyoigawa mara 20,000. Na mashine haipimi sehemu moja peke yake, inalinganisha mbili. Ni kama kusema Rubondo iko juu: lazima useme juu kuliko wapi. Kwa hiyo hasi hapa inaonyesha upande umeme ulikoelekea. Haisemi "hakuna ugonjwa". Kwa mtoto yule, ule mwiba wa negatifu ndio uliokuwa ushahidi wa kifafa.

Kuna jambo lingine ambalo wahudumu wa mashirika pia wasikie. Hata EEG ikitoka safi kabisa, kifafa kinaweza kuwepo. Karibu nusu ya wagonjwa, kipimo cha kwanza hakionyeshi kitu. Ushahidi mkubwa ni wa yule aliyemwona mtu akianguka: macho yalikuwaje, mkono gani ulianza, ilichukua muda gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Mahenge, Tanganyika, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alitibu watu wa kifafa mbali na mashine kama hizi. Aliwasikiliza wagonjwa na ndugu zao, akawapa fenobabitali, na wengi walipata nafuu. Masikio yake yalifanya kazi kubwa, na ya waliomtafsiria pia.

Mtoto yule sasa amerudi kwenye dawa. Kidonda kimepona, kovu limebaki. Nilienda kwa mama yake nikamweleza yote, na kwamba dawa ya kifafa haikatwi ghafla, hata mtu akijisikia vizuri, bila daktari kusema. Alinisikiliza, akanyamaza sana, halafu akanipa chai.

Siku hizi nikisikia negatifu kwenye chumba cha daktari, sitafsiri kwanza. Ninauliza: "Daktari, hilo ni jibu la kipimo, au ni upande wa wimbi?" Wengine hukasirika kwamba nachelewesha foleni. Wakasirike tu.